Jinsi ya kurekodi gitaa la drimu pop lenye mlio wa sinema, kwa sabufa na ngazi za nyumba

Haya, huu mwongozo ni wa mtu wa hapa kwetu Unguja au Pemba alie na gitaa, simu na sabufa ya nyumbani, na anaependa ile miziki ya bendi za drimu pop. Ile ya taratibu, mwimbaji anaimba kwa sauti ya chini karibu na sikio, gitaa linalia kwenye nyuzi nene na kila noti inaachwa ivume mpaka iishe ndo ije nyengine, ukifumba macho unaona filamu ambayo hakuna mtu ameipiga. Wengi wanaamini mlio ule hautoki bila pedali za mamilioni, mie nasema hapana, unachotaka ni mwangwi mzuri na roho ya kupiga noti chache, na mwangwi Zanzibar tunao bure, tumeurithi kwenye majumba.

Na si maneno yangu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Phoenix, Arizona, mpiga gitaa Duane Eddy na prodyuza wake Lee Hazlewood walikuwa wanarekodi kwenye studio isiyo na chumba cha mwangwi, wakaenda kutafuta tangi kubwa la maji, tupu, wakatia spika upande mmoja na maiki upande wa pili, gitaa likapitishwa mle. Mlio ule mnene wa nyuzi za chini ndo ukawa mzazi wa magitaa mengi ya filamu na tamthilia yaliyokuja baadae. Miaka hamsini na kitu mbele, 2012, bendi moja ya El Paso, Texas, ya jamaa anaeitwa Greg Gonzalez, ilitoa EP, yani albamu fupi, iliyorekodiwa kwenye ngazi za jengo la Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Bendi inaitwa Cigarettes After Sex, jina usilitamke mbele ya bibi yako, lakini muziki wenyewe mpigie tu hatokuwa na neno. Leo wanajaza kumbi dunia nzima na mwanzo wao ulikuwa ngazi, kama hizo unazopanda kila siku na ndoo ya maji.

Sasa twende kazini.

Hatua ya 1: sikiliza kwa kazi

Chukua hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Anza na Mazzy Star, wale kina Hope Sandoval na David Roback wa California, angalia gitaa linavyonyamaza anapoimba. Halafu Cocteau Twins wa Scotland, pale Elizabeth Fraser mara nyingi anaimba maneno ambayo hata Mwingereza hayafahamu na bado unajisikia kulia. Halafu muziki wa tamthilia ya Twin Peaks ya 1990, aloutunga Angelo Badalamenti, lisikilize lile gitaa zito la mwanzo. Ukisikiliza hesabu kitu kimoja tu, kila gitaa linapopiga noti, inapita muda gani mpaka noti inayofuata. Utashangaa. Basi, hatua hii imekwisha.

Hatua ya 2: gitaa na nyuzi zake

Gitaa la umeme lolote linafaa, hata lile la kuazima lenye rangi iliyobabuka. Likiwa na pikapu tatu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, weka swichi kwenye ile iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa chini ya gitaa, ndiyo inayotoa ule mlio mkavu wa waya unaoruka. Halafu na mkono wako wa kupigia nao usogeze karibu na daraja. Huna la umeme, una galatoni? Tafuta pikapu ya kubandika kwenye tundu, au rekodi kwa maiki ya simu tu, itakuwa na ladha nyengine lakini inakubali.

Nyuzi ndo ukiniuliza mie ni nusu ya mlio. Watu wengi hapa wanafunga seti ya 9 (namba ni unene wa uzi, ikiwa ndogo uzi mwembamba) kwa sababu ni laini vidoleni na wanataka kukimbia, hapa hatukimbii. Funga seti ya 11. Uzi mnene unavuma mrefu, haupandi wala kushuka ukiugonga kwa nguvu, na ukiupinda unarudi kwa uzito wake. Mwanzo vidole vitauma, subiri.

Tatizo letu kubwa ni chumvi. Ukikaa Shangani, Malindi au Forodhani, au ndo uko Mkoani bandarini, upepo wa bahari unakula nyuzi vibaya sana, unaweka seti mpya leo, hujakaa vizuri uzi wa kwanza ushapiga kutu na mlio umekufa. Kwaiyo kila ukimaliza kupiga futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, gitaa lirudi kwenye begi, usilitundike ukutani karibu na dirisha eti lipendeze. Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye begi la gitaa vinanyonya unyevu.

Sasa namna ya kupiga. Muziki huu melodi inakaa kwenye nyuzi tatu za juu kwa macho lakini nzito kwa sikio, yani wa 6, wa 5 na wa 4. Jaribu hivi ukiwa kwenye kodi ya Am (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, Am ni A maina): piga uzi wa 5 wazi, acha. Freti ya 2, acha. Freti ya 3, ikae, halafu rudi uzi wa 5 wazi. Noti nne tu. Gitaa likiwa na mkono wa tremolo, ubonyeze kidogo kabla hujapiga noti, piga, halafu uuachie taratibu, noti itapanda yenyewe mpaka mahali pake, na hapo ndo utasikia ule utamu wa sinema. Kama hauna mkono, sukuma uzi kwa kidole urudishe. Piga kwa piki ngumu, chini tu, usipande na kushuka.

Wapiga solo wa dansi na wa zouk hapa ndo wanaopata tabu, mkono umezoea kujaza kila nafasi. Mwache apige akiwa amekaa kwenye kiti cha chini, mwambie noti moja kwa pigo moja na akizidisha analipia juisi.

Hatua ya 3: wimbo uwe mwepesi

Kodi mbili zinatosha kwa wimbo mzima, tatu ikiwa unajiona tajiri. Am na Em, au Am, C na G. Mwendo weka metronomu kwenye mapigo 66 mpaka 76 kwa dakika, mie napenda 72 na nitatumia hiyo kwenye hesabu huko chini. Hesabu ya sita, moja-mbili-tatu-nne-tano-sita, inakaa vizuri sana na sisi haitutatizi, mtu aliekulia kwenye ngoma na taarabu ya hapa hesabu hiyo iko mwilini. Ukipata mtu wa dumbak, ile ngoma ndogo ya taarabu, akubali kupiga polepole kwa ncha za vidole, mchukue, ni bora kuliko dramu za programu. Lakini mwambie asitie madoido.

Kabla hujarekodi chagua picha moja ya wimbo wako. Moja. Kwa mfano zile taa za wavuvi wa dagaa usiku zilivyojipanga mbali baharini, au ukumbi wa Majestic pale Vuga ulivyokaa miaka mingi bila filamu. Kila ukibishana na wenzio kuhusu sauti fulani itiwe au isitiwe, rudini kwenye picha, inawaamulia.

Hatua ya 4: rekodi gitaa kavu

Kwanza tunarekodi gitaa bila mwangwi hata kidogo, ndani ya chumba. Simamisha godoro ukutani, tundika kanga mbili tatu na blanketi dirishani, zima feni (najua joto, vumilia), zima friji ikiwa iko jirani. Kama una intafesi ya kuchomeka gitaa kwenye simu au kompyuta vizuri, huna weka simu mbele ya amplifaya, umbali wa shibiri moja hivi, pembeni kidogo ya katikati ya spika. Programu ya BandLab ni ya bure na inatosha kwa kazi yote hii.

Weka simu kwenye flaiti modi. Na kabla hujaanza kupiga, rekodi ikiwa tayari inatembea, piga kofi moja kubwa, nyamaza sekunde mbili, ndo uanze. Lile kofi usilifute, tutalihitaji. Angalia na tukuza ya umeme imebaki kiasi gani, hakuna kitu kinaudhi kama umeme kukata kwenye ubeti wa mwisho ulopiga vizuri.

Hatua ya 5: omba ngazi

Ngazi nzuri utaijua kwa kofi. Simama chini, piga kofi moja, sikiliza mkia wake. Nyumba za Mji Mkongwe za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye ngazi ya mawe inayozunguka mpaka juu, zinakupa mkia wa sekunde moja na kitu, mlaini, hauna ukali. Ngazi za mbao mkia wake mfupi na zinalia kila mtu akikanyaga. Walioko Ng'ambo, upande wa pili wa mji, msijione mmeachwa, ngazi za majumba ya Michenzani ni zege tupu na mwangwi wake mkali kidogo lakini mrefu, na Pemba mnazo zile fleti za Wete na Chake. Hamamni pale kwenye mabafu ya Kiajemi ya wakati wa Sayyid Barghash vyumba vina mwangwi wa kukutoa machozi, ila pale ni mahali pa kihistoria na wana utaratibu wao, uliza kwanza, usiingie na sabufa begani.

Ngazi ni ya watu, kwaiyo unapiga hodi kila mlango, na unaanza na mkubwa wa nyumba. Mambo huwa hivi:

"Hodi, asalaam aleikum. Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu, waaleikum salaam. Karibu."

"Ahsante bibi. Tunaomba ngazi yenu nusu saa tu, tunarekodi gitaa."

"Mnarekodi taarabu?"

"Sio taarabu bibi, ya taratibu tu, haina hata ngoma."

"Hiyo ya taratibu ndo inatia usingizi. Haya, lakini adhana isiwakute hapo, na wajukuu wangu wakirudi skuli msiwazuie kupita."

Hapo umepata. Wakati mzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi, watoto wapo skuli na wakubwa wapo makazini, mpaka saa tano na nusu, ukae mbali na adhuhuri. Jioni sahau, watu wanarudi, baraza zimejaa. Mwezi wa Ramadhani hatua hii iache kabisa, kaa ndani uandike mashairi, sabufa utaitoa Eid ikipita. Na ukimaliza rudi kwa bi mkubwa useme ahsante, usiondoke kimyakimya, mana utaitaka tena hiyo ngazi.

Hatua ya 6: pitisha gitaa kwenye ngazi

Hii ndo roho ya kazi, ni lile lile tangi la Phoenix ila umelisimamisha wima.

Sabufa iweke chini kabisa ya ngazi, spika zitizame ukuta au zitizame juu kwenye uwazi wa katikati, zisimtizame mtu wala maiki. Kitufe cha besi kishushe karibu na sufuri, ukikiacha juu ngazi nzima itaunguruma na utasikia bum-bum tu, gitaa limezama. Sauti weka nusu. Chomeka simu ya kwanza kwa waya, cheza lile gitaa kavu ulorekodi, pamoja na kofi lake.

Simu ya pili ndo inarekodi. Ipeleke juu, ghorofa ya pili au ya tatu, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili isisikie mtikisiko wa sakafu, maiki iangalie ukuta. Sasa hapa kuna jambo linawatesa watu na hawajui ni nini: simu nyingi zina kitu cha kupunguza kelele, na simu inadhani mkia wa mwangwi ni kelele, inaukata. Unapata gitaa halafu kimya cha ghafla. Kwaiyo jaribu kwanza kwa kofi, sikiliza kwa hedifoni, mkia ukikatika ingia kwenye mipangilio uzime hicho kitu, ikishindikana tumia programu nyengine ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV na inayokuacha uweke sauti mwenyewe.

Ukiwa tayari rekodi wimbo mzima mara moja, bila kusimamisha. Halafu hamisha simu, shuka ghorofa moja au sogea upande wa pili wa ngazi, rekodi tena wimbo mzima. Hizo mbili moja itakaa sikio la kushoto na nyengine la kulia, na ndo zitafanya msikilizaji ajione yuko ndani ya nyumba. Mtu akipita na kandambili zake mwache apite, pengine ikaja kuwa sehemu nzuri kuliko zote kwenye wimbo, ikiwa mbaya unairudia. Bodaboda inayopita chochoroni hiyo irudie.

Mwisho rekodi sekunde thelathini za ngazi ikiwa kimya tupu. Utaziweka mwanzo wa wimbo kabla gitaa halijaingia.

Hatua ya 7: changanya

Fungua BandLab, tia gitaa kavu katikati, ngazi ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Sasa yatafute yale makofi, utaona kila rekodi ina mwiba mmoja mrefu mwanzo, ipangilie ile miiba ikae pamoja. Halafu zile za ngazi zisukume mbele kidogo zichelewe, milisekunde 20 mpaka 40. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwaiyo ukuta ulio mbali mita 10 mlio unaufikia baada ya milisekunde 29 hivi, na huko kuchelewa ndo kunafanya sikio lijue gitaa liko mbele na nyumba iko nyuma. Ukizilinganisha sawasawa kabisa gitaa linazama ndani ya mwangwi, matope.

Ikwalaiza ya zile za ngazi: kata chini ya hezi 200, kata na juu ya hezi 6000. Gitaa kavu usiliguse. Sauti ya mwangwi ipandishe mpaka uipende, halafu ishushe kidogo, mana usiku ukiwa na hedifoni kila mtu anazidisha.

Ukitaka ule mlio wa zamani wa gitaa kurudi haraka, weka dilei moja ya milisekunde 110, irudi mara moja tu. Ukitaka dilei ndefu inayotembea na wimbo, gawa 60,000, ndo milisekunde za dakika moja, kwa mwendo wako, kwa 72 inatoka 833, hiyo ndo urefu wa pigo moja, na robo tatu yake ni 625, jaribu hiyo 625, inaangukia baina ya mapigo na wimbo unaanza kuelea. Moja kati ya hizi, sio zote mbili. Tremolo ya sauti, ile ya kupanda na kushuka, mara nne au tano kwa sekunde, na usiitie wimbo mzima, itie pale mwimbaji anaponyamaza.

Bezi noti moja kwa kila kodi, bila mwangwi. Dumbak au dramu nazo zisipite kwenye ngazi. Mkiwa bendi yenye magitaa mawili, moja tu ndo lipate ngazi, jengine libaki kavu na lipige kodi pole. Kila kitu kikiwa mbali hakuna kilicho mbali.

Hatua ya 8: sauti ya mwimbaji

Hapa tunabadilisha desturi. Mwimbaji wa taarabu anasimama mbele ya fidla na kanuni na udi, sauti lazima ipande juu ya chombo chote, ndo kazi na ndo heshima yake. Huku ni kinyume, anaimba kwa sauti ya kumwambia siri mtu alielala pembeni, sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwenye maiki, chini ya blanketi, na kipande cha soksi ya nailoni mbele ya maiki ili zile P na B zisipige. Aimbe mara mbili zile zile, ya pili iwekwe chini ya ya kwanza. Ukimpeleka na yeye ngazini mpeleke kwa uchache sana, sauti ya mtu ikiwa mbali hatumuamini.

Maneno yawe machache. Tumezoea beti na vina na mafumbo ya kumpiga mtu kijembe, vizuri sana kwa mahali pake, lakini wimbo wa mwendo wa 72 ukitiwa beti sita unalemewa. Mistari miwili mitatu irudiwe. Kitu cha hivi:

Boti imeondoka
taa imebaki
nami n'shasema yote

Halafu gitaa mistari minne, halafu yale yale. Kiswahili kina irabu mwisho wa karibu kila neno, zivute hizo, "imebakiii", mwangwi wa ngazi unazipenda.

Hatua ya 9: pima nje

Usiutoe wimbo bado. Uusikie kwenye hedifoni, kwenye sabufa ile ile lakini sasa besi irudishe juu, na ndani ya gari au daladala kama una dereva mnajuana. Kwenye daladala mwangwi wote unapotea kwa kelele, kinachobaki ni gitaa kavu na sauti, vikisikika bado wimbo umekaa. Kama hausikii kitu pandisha gitaa kavu, mwangwi usiuguse. Ukiridhika toa faili la WAV, lihifadhi mahali pawili, na zile rekodi za ngazi usizifute hata simu ikikulilia imejaa, mana mwangwi ule ule utauhitaji kwa wimbo wa pili na bi mkubwa anaweza akawa kahamia kwa mwanawe Fuoni.